Ng'ombe wa Maneno, Ng'ombe wa Kweli

Anayehudhuria posa ya Kinyarwanda kwa mara ya kwanza, hasa akiwa ametoka Mombasa au Dar es Salaam, hukaa akisubiri ng'ombe waletwe. Muda mrefu watu wanazungumza ng'ombe tu. Msemaji wa upande wa bwana, umukwe mukuru, ameketi na wazee wake mkabala na msemaji wa upande wa binti, umusangwa mukuru. Wanatupiana mafumbo, wanakumbushana urafiki wa mababu ambao pengine haukuwahi kuwapo, wanatozana faini za mzaha kwa makosa ya adabu. Mahari yakishakubaliwa huingia wachungaji na fimbo zao kutoa taarifa: ng'ombe tumewaona, wana afya, huyu pembe zake ziko hivi, yule rangi yake iko vile. Mmoja wao huwasifu kwa ushairi wa kasi, kila ng'ombe na jina lake. Wageni wanashangilia. Ng'ombe hawapo. Sherehe iko katika ukumbi wa kukodi, nje ni maegesho ya magari, na mahari yenyewe aghalabu yamekwisha kupita kwa bahasha au kwa simu. Siku hizi hata msemaji mwenye ulimi mzuri anaweza kukodiwa.

Mgeni mwenye haraka atasema hao wanajidanganya. Mimi sioni hivyo, kwa sababu waliokaa mbele wanaijua hesabu mpaka faranga ya mwisho. Wanachokwepa ni kuiacha fedha iseme peke yake. Fedha ikishahesabiwa na kupokewa, shauri limekwisha, kila mtu aende zake. Ng'ombe huzaa. Kwa desturi ya Rwanda, ng'ombe wa mahari akishazaa, ukoo wa binti hutarajiwa kuwarudishia wanandoa ndama, indongoranyo, ili nao wapate pa kuanzia. Kumbe waliolipwa wanabaki wakidaiwa, na waliolipa wanabaki na sababu ya kuuliza hali za wakwe zao kwa miaka. Mambo hayo ndiyo ambayo faranga, hata ziwe nyingi vipi, haziwezi kuyafanya bila kusaidiwa na maneno.

Dar es Salaam hesabu iko mezani, tena kwa maandishi. Harusi ina kamati, kamati ina mwenyekiti na mweka hazina, na vikao vya maandalizi vinaweza kuanza miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe. Kadi ya mchango inakufikia ofisini, kanisani au kwenye kundi la WhatsApp ambalo hukuomba kuingizwa. Ukishatoa ndipo unapopata kadi ya mwaliko, nayo imeandikwa wazi: single, au double kama mchango wako unatosha kukuingiza wewe na mwenzi wako. Mnyarwanda mmoja wa makamo niliyemsimulia jambo hilo alishika kichwa. Kwake yeye ilikuwa kama kuuza tiketi kwa ndugu.

Nilimwambia, na bado nashikilia, kwamba mtindo wa Dar una heshima yake. Huo ni mji wa watu waliotoka kila pembe ya nchi, waliokutana kazini na mtaani bila nasaba ya kuwaunganisha. Mchango unamwezesha fundi kutoka Kigoma kusimama pamoja na mwalimu kutoka Kilimanjaro katika sherehe ya mfanyakazi mwenzao, bila yeyote kuulizwa babu yake alikuwa nani. Mlango wake ni mpana, na kwa kuwa mlinzi wake ni fedha, hauchagui ukoo. Mlango wa Kigali ni mwembamba zaidi: unakutaka uwe na wazee wa kukusemea, uwe na historia, ujue kauli gani inajibiwa kwa kauli gani. Nao wasio na fedha wanakwama Dar pale ambapo wasio na jamaa wanakwama Kigali.

Ng'ombe wa posa ana ndugu yake mkubwa, naye ni ng'ombe wa urafiki. Nchini Rwanda rafiki humpa rafiki ng'ombe, na mtu anaweza kusimama katikati ya harusi ya leo akatangaza kwamba anawapa wanandoa ng'ombe, kisha waende kumchukua baadaye. Aliyepewa hatasema ahsante tu akakaa. Siku itafika atakwenda na watu wake na vinywaji kwa aliyempa, kumshukuru rasmi, sherehe wanayoiita gukura ubwatsi. Na baada ya hapo kuna kwitura, kurudisha fadhila kutoka katika uzao wa ng'ombe yule. Ni mzunguko unaochukua miaka, na uzuri wake wote uko katika kuchelewa: anayelipa kesho yake asubuhi amemtukana mtoaji.

Wamaasai wa Kenya na Tanzania, ambao nao ng'ombe ndiye kipimo chao cha mambo, wana kifungo kinachofanana na hicho kwa mbali: osotua. Watu wawili wakishafungana osotua, mmoja akipatwa na shida humwomba mwenziwe, na mwenziwe hutoa akiwa nacho. Mwombaji haombi kuliko haja yake, na mtoaji haweki daftari kichwani. Anaweza mmoja akawa mtoaji maisha yake yote na kifungo kisilegee, na watoto wao wakakirithi. Deni ni jambo jingine kabisa, lina utaratibu wake, na kulichanganya na osotua ni kukosa adabu. Rwanda inakumbuka fadhila na kungoja irudi. Umaasai unaifuta hesabu ili kifungo kisigeuke mzigo. Sababu naiona katika ardhi. Nyika za Wamaasai ni za ukame usiotabirika, mvua inanyesha huku na kuruka kule, na aliyejaa leo anaweza kuwa mtupu mwakani, hivyo kupima nani alimpa nani zaidi hakuna maana. Vilima vya Rwanda vimesongamana watu, jirani wa leo atakuwa jirani wa wajukuu wako, na kumbukumbu ndefu ina kazi ya kufanya.

Kumbukumbu hiyo hiyo ilikuwa na upande mkali. Ng'ombe aliyetolewa na mkubwa kwa mdogo alizaa ubuhake: umugaragu, yule mdogo, alipata maziwa, ndama na ulinzi wa shebuja, yule mkubwa, naye akalipa kwa utumishi usio na mwisho ulioandikwa, huku shebuja akiweza kuwachukua ng'ombe wake siku akikasirika. Mwami Mutara III Rudahigwa aliifuta taasisi hiyo mwaka 1954. Ninapowasikia watu wakiimba sifa za jamii ambazo fedha haikuzitawala, huikumbuka tarehe hiyo. Fedha ina ukatili wake, lakini inamruhusu mtu alipe na aondoke. Umugaragu hakuwa na bei ya kulipa ili aondoke.

Mpango wa serikali ya Rwanda uitwao Girinka, ulioanza mwaka 2006, ulimrudisha ng'ombe wa kupewa katika sura nyingine. Serikali inaipa familia maskini ng'ombe mmoja, kwa ajili ya maziwa ya watoto na samadi ya shamba, na ndama jike wa kwanza anakwenda kwa jirani aliye kwenye orodha. Mamia ya maelfu ya familia zimekwisha kupata. Waliobuni mpango walichukua kwitura, wakaigeuza ubavu: fadhila hairudi juu kwa aliyetoa, inasogea pembeni kwa anayefuata. Shebuja ametoweka, ingawa mkosoaji anaweza kusema serikali ndiyo imekaa kwenye kiti chake. Na ng'ombe mwenyewe amebadilika. Inyambo wa kifalme, wenye pembe ndefu zilizopinda kama kinubi, wanatunzwa Nyanza kwa ajili ya wageni na historia. Ng'ombe wa Girinka aghalabu ni chotara wa maziwa, anakaa bandani, analetewa majani. Hasifiwi kwa ushairi. Anaulizwa ametoa lita ngapi.

Pwani ya Waswahili ilifika kwenye swali la mali kwa njia nyingine. Huko utajiri ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mawe yana tabia ya kubaki baada ya wenyewe kuondoka. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, mwanzoni mwa karne ya 19, mji wa Pate ulikuwa umekwisha kuporomoka. Alikuwa na majumba ya kuonyesha: kumbi zilizowahi kuwaka taa, zidaka zilizobeba vyombo vya kigeni, sasa popo na buibui. Shairi lote linausema moyo wa mtunzi mwenyewe, linaukaripia kwa kung'ang'ania dunia. Huo ni wosia wa zuhudi, na umeandikwa na mtu aliyeyajua magofu kwa macho yake.

Ufalme wa Rwanda haukuacha magofu ya namna hiyo. Ikulu ya mwami ilikuwa ya miti na majani yaliyosukwa kwa ustadi mkubwa, na ile iliyojengwa upya Nyanza kama makumbusho inaonyesha jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ya heshima. Lakini majani huoza, na utajiri wenyewe ulikuwa na miguu minne. Mtu hakuweza kuuhifadhi kwa kuufungia ndani. Ugonjwa au uvamizi mmoja ungeumaliza usiku mmoja. Njia ya busara ilikuwa kuutawanya kwa marafiki kwenye vilima mbalimbali. Nadhani ndiyo maana mshairi wa Pate anauambia moyo wake uiache dunia, na desturi ya Rwanda inamwambia tajiri aigawe. Wa kwanza anamfikiria mtu mbele ya kaburi lake, ya pili inamfikiria mbele ya jirani zake. Zote mbili zinamwonya asilundike.

Pwani nayo ilimpata mtu aliyeuishi wosia huo katikati ya watu. Habib Saleh, sharifu aliyetoka Visiwa vya Ngazija akahamia Lamu, angeweza kukaa na wenye nasaba na majumba ya mawe huko Mkomani. Alijenga makazi yake upande wa Langoni, akawafundisha wahamiaji na watu waliotoka utumwani au kwa wazazi watumwa, akaruhusu matari yapigwe katika maulidi, jambo lililowaudhi baadhi ya wanazuoni wa mji. Msikiti wa Riyadha aliouasisi ndio unaoijaza Lamu wageni kila msimu wa maulidi mpaka leo. Ukumbuke kuwa mji huo huo ulijulikana kwa mashindano ya ngoma na karamu, mtaa na mtaa wakishindana kuchinja na kulisha hadi mmoja ufilisike kwa fahari. Zuhudi ya Habib Saleh ilikuwa jibu kwa mji ambao ulijua sana kutumia.

Tofauti nyingine kubwa ni ile inayotokea pale kuishi na kidogo kunapogeuzwa kuwa sera. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikataa wazi kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo, likataja watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Kisha likawageukia viongozi: wasiwe na mishahara miwili, wasiwe na hisa katika kampuni, wasiwe na nyumba za kupangisha. Kuna ujasiri hapo ambao kizazi changu tuliokulia baadaye hatukuuona tena, maana mwaka 1991 chama tawala, kikikutana Zanzibar, kililegeza masharti hayo. Kenya ya Jomo Kenyatta iliichukua njia ya harambee, watu wachange wenyewe wajenge shule na zahanati, na shule nyingi zilisimama kwa namna hiyo. Lakini majina ya watoaji yalisomwa kwa sauti pamoja na kiasi walichotoa. Mwanasiasa alifika na bahasha nene, mwanamke wa kijijini na kuku wake, na haikuchukua muda bahasha ikaanza kununua kura. Sheria ya maadili ya maofisa wa umma ya mwaka 2003 ililazimika kuwabana wasitumie vyeo vyao kuchangisha.

Kigali inatoza saa, kwa kazi ya pamoja iitwayo umuganda. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 5, maduka yamefungwa, barabara ni tupu, na watu wa mtaa wametoka na majembe, fyekeo na makarai. Wanazibua mifereji, wanapanda miti, wanasawazisha njia. Waadventista, ambao Jumamosi ni siku yao ya ibada, hufanya yao Jumapili. Kazi ikiisha watu wanakaa kikao, na kwa maoni yangu kikao ndicho umuganda wenyewe: hapo ndipo anayeishi nyuma ya geti la umeme anapomfahamu mama auzaye mkaa kona ile, na mama huyo anapata nafasi ya kusema maji ya mvua kutoka kwa fulani yanaingia kwake. Baganda wana bulungi bwansi yao, Wapare wana msaragambo. Wazo la kuufanyia mtaa kazi bila ujira ni la eneo zima. Umuganda una sifa moja ambayo harambee iliikosa: saa tatu za tajiri ni sawa na saa tatu za maskini, na hakuna anayezisoma kwa kipaza sauti.

Wala tusiusifu kupita kiasi. Sheria ya 2007 inaruhusu faini ya hadi faranga 5,000 kwa asiyehudhuria, na kitu cha hiari chenye faini kinahitaji jina jingine. Juvénal Habyarimana aliufanya umuganda kuwa wajibu wa taifa mwaka 1974, na miaka ishirini baadaye waliopanga mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi waliitumia lugha ya kazi ya pamoja, na mazoea yake ya kuwakusanya majirani, kwa lengo lile. Wanyarwanda walioufufua baadaye walilijua hilo kuliko mwandishi yeyote wa nje, na waliamua kwamba chombo kilichochafuliwa kinasafishwa kwa kutumiwa vizuri. Ni uamuzi ninaouheshimu bila kuwa na hakika kwamba mimi ningeweza kuufanya.

Waandishi wanaosomwa sana Magharibi wanapoandika juu ya kuishi na kidogo, mara nyingi mtu anakuwa peke yake. Henry David Thoreau alihamia kando ya bwawa la Walden mwaka 1845 na kutuandikia gharama ya kibanda chake hadi nusu senti: dola 28 na senti 12 na nusu. Marie Kondo wa Japani anamfundisha mtu asimame mbele ya kabati lake lililofurika na kuchagua cha kubaki nacho. Yote ni mafunzo halali kwa mwenye vitu vingi. Ila katika mapokeo niliyoyataja hapo juu, isipokuwa kidogo lile la Pate, swali la ubaki na vitu vingapi halina uzito mkubwa. Linaloulizwa ni nani atakuja ukiugua.

Na swali hilo Rwanda ililijibu pia pale ambapo hakuwa amebaki mtu wa kuja. Mwaka 1996, katika Chuo Kikuu cha Taifa huko Butare, wanafunzi walionusurika mauaji ya kimbari waliunda AERG, na ndani yake wakajigawa katika familia. Kila familia ilimchagua baba na mama miongoni mwa wanafunzi wenyewe, vijana wa umri mmoja na watoto wao. Baba huyo alifuatilia nani hajala, nani amefeli, nani anakosa usingizi mwezi wa Aprili. Na siku ya posa, yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mzazi. Waliohitimu waliendeleza undugu huo kupitia GAERG. Huko Tanzania kuna utani, ambao unamfanya Mnyamwezi aingie msibani kwa Mzaramo akiwatania wafiwa, akishika kazi ambazo machozi yamewazuia wenyewe kuzifanya. Utani unarithiwa, wala humchagui mtani wako. Wazazi wa familia za Butare walichaguliwa. Lakini katika yote mawili undugu unathibitishwa kwa kazi iliyofanywa, na nasaba inafuata nyuma.

Swali la nani yuko karibu nawe lilirudi Kigali mwaka 2022, pale wakazi wa mwisho wa Kangondo na Kibiraro, mtaa wa mabondeni ambao Kigali nzima iliuita Bannyahe, waliondolewa kupelekwa kwenye maghorofa ya Busanza baada ya mvutano wa miaka. Mamlaka zilisema eneo lile ni la hatari na nyumba mpya ni bora kuliko walizoziacha, na kwa vipimo vya saruji na vyoo hoja hiyo ina nguvu. Wakazi wengi walikuwa wamekwenda mahakamani wakidai walipwe fedha taslimu badala ya nyumba. Walikuwa na hesabu zao: vyumba vya kupangisha vilivyowalipia watoto ada, wateja wa karibu, familia kubwa isiyoenea katika nyumba ndogo. Ukisikiliza juu juu utasema wao ndio waliodai fedha na serikali ndiyo iliyowapa kitu cha thamani zaidi. Lakini kwa mwenye chumba cha kupangisha hatua chache kutoka mtaa wa kitajiri wa Nyarutarama, fedha mkononi ndiyo ingemwezesha kuamua mwenyewe akajenge wapi, na karibu na nani.